Babu, lenzi mpya na ukungu wa Mamba

Kila ninapoandika hapa kuhusu watoto na simu, swali linalobaki ni lile lile: mzazi akimnyang'anya mtoto simu, ampe nini? Sina jibu la kila nyumba. Nina kisa cha nyumba yetu, kule Mamba, wilayani Same. Ndani yake kuna kamera ya zamani, lenzi mpya iliyotengenezwa kuiga za zamani, na jambo moja la afya ambalo familia nzima tulikuwa tunalipita kila siku bila kuliona. Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika habari za afya nililipita pia, na hilo ndilo linaloniuma.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Lakini ukiuliza wazee wa Mamba, wengi hawatamtaja kama mwalimu. Watakwambia, "Yule wa picha." Harusi, mahafali, mtoto aliyezaliwa, mzee anayetaka picha moja ya heshima kabla hajafa, wote walikuja kwake. Nyumba nyingi pale kijijini bado zina picha zake ukutani, nyeusi na nyeupe, zimeanza kuwa za rangi ya chai.

Kamera yake ni Zorki 4, ya Kirusi. Alipewa na rafiki yake aliyerudi kutoka masomoni Muungano wa Sovieti miaka ya 1970. Ni nzito kama tofali dogo na ina lenzi ya bati jeupe iliyoandikwa Jupiter-8. Tulipokuwa watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Tuliruhusiwa kuchungulia tu, yeye akiwa ameishika.

Pacha wawili kwenye kidirisha

Kwa wale waliozaliwa na simu mkononi, nieleze kidogo. Kamera ya aina hii huchungulii kupitia lenzi yenyewe. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu yake. Katikati ya kidirisha unamwona mtu unayempiga picha akiwa na kivuli chake pembeni, kama pacha wawili. Unazungusha lenzi kwa kidole taratibu hadi pacha wale waungane na kuwa mtu mmoja. Hapo ndipo umelenga sawasawa, na hapo ndipo unabonyeza.

Wajerumani ndio walioipa umaarufu kamera ndogo ya namna hii. Leica ilianza kuuzwa mwaka 1925, na mwaka 1932 ikatoka Leica yenye kipimo hicho cha umbali ndani yake. Mwaka huo huo kampuni ya Zeiss nayo ikatoa kamera yake, Contax, ikiwa na lenzi iliyoitwa Sonnar, iliyobuniwa na Ludwig Bertele. Picha nyingi za magazetini za karne iliyopita zilipigwa kwa kamera za ukoo huo, kwa sababu ni ndogo, hazina kelele, na mpiga picha hamtishi mtu.

Babu hakujua habari za Bertele. Alijua tu kwamba lenzi yake "inapiga watu vizuri". Na kweli inapiga. Uso unatulia, macho yanaonekana, na migomba ya nyuma inayeyuka kama imechorwa kwa maji.

Zawadi kutoka China

Mwaka jana binamu yangu, mtoto wa shangazi anayesoma China, alirudi likizo akaniletea kiboksi. Alijua nina kamera ya kazini ya siku hizi, zile zisizo na kioo ndani, na alijua hadithi za babu. Ndani ya kiboksi kulikuwa na lenzi ya milimita 50, nzito, ya chuma, haina umeme wowote. Kila kitu unazungusha mwenyewe. Namba zimechongwa na kutiwa rangi, kama za zamani. Imetengenezwa China, lakini mpangilio wa vioo vyake umefuata ule wa Sonnar.

Nilidhani ni kituko cha binamu yangu tu. Kumbe ni dunia nzima. Kampuni za China kama 7Artisans, TTArtisan na Light Lens Lab zinatengeneza lenzi mpya kwa ajili ya kamera za aina ya Leica. Light Lens Lab walijulikana kwa kuiunda upya lenzi ya Leica ya milimita 35 ya mwaka 1958, inayopendwa kwa vioo vyake nane, kioo kwa kioo. Japani, kampuni ya Cosina imekuwa ikitengeneza lenzi za sura ya zamani kwa jina la Voigtländer tangu mwaka 1999. Leica wenyewe nao wakaona wasiachwe: mwaka 2016 walirudisha lenzi yao ya mwaka 1955, na mwaka 2017 wakarudisha nyingine ya mwaka 1935.

Kwa nini mtu atengeneze upya kitu cha zamani wakati simu inalenga yenyewe, inang'arisha yenyewe, hata chunusi inafuta yenyewe? Nilikuwa najiuliza hivyo mpaka nilipoitumia wiki moja.

Jibu la kwanza ni bei. Lenzi ya zamani ya Leica iliyo safi inauzwa kwa fedha ya kununua pikipiki na kubaki. Hii yangu, binamu anasema, ni bei ya simu ya hali ya kati.

Jibu la pili ni kwamba inakupunguza mwendo. Huwezi kupiga picha 40 za mtoto kwa dakika moja. Unamwangalia, unazungusha, unasubiri. Na kwa kuwa lenzi nyingi za namna hii hazilengi kitu kilicho karibu sana, chini ya sentimeta 70 hivi au hata mita moja, unalazimika kumpa mtoto nafasi yake. Humsogezei kitu usoni. Mnaongea. Nimeona watoto wakisahau kwamba wanapigwa picha, jambo ambalo mbele ya simu halitokei. Mbele ya simu watoto wetu wote wamekuwa mabalozi: tabasamu moja, vidole viwili, basi.

Jibu la tatu ni picha zenyewe. Lenzi za kisasa zinaona kila kitu kwa ukali ule ule. Hizi zinazoiga za zamani, ukifungua tundu lake la mwanga mpaka mwisho, zinakuwa na ulaini kidogo, kama mtu anayesema ukweli bila kukaripia.

"Umeniletea feki?"

Wakati wa Pasaka nikaibeba kwenda Mamba. Wanaoijua njia ile wanajua: unatoka Same mjini, milima ya Upare kulia, mbuga ya Mkomazi kushoto, unapita Kisiwani, kisha gari linaacha joto la tambarare na kuanza kupanda. Huko juu ni migomba, tangawizi, na ukungu. Ukungu wa Mamba hauombi ruhusa. Unaingia mpaka sebuleni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba wangu. Umekonda. Huko mjini hawakulishi?"

Bibi akajibu kutoka jikoni kwamba mke mwenzake akae, makande yapo tayari.

Nikamwekea babu lenzi mkononi. Akaipapasa. Akaizungusha. Akasikia jinsi inavyozunguka kwa uzito wake, bila kukwama. Uso wake ukafunguka. Kisha akauliza ni ya wapi. Nikamwambia.

"Kwa hiyo umeniletea feki."

Mnajua utani wa Wapare na fedha. Babu hatoi shilingi kwa kitu feki, na hata cha bure alikikataa kwa kanuni. Nikamwambia babu, feki ni kitu kinachodanganya jina. Ukichonga neno Leica kwenye kitu ambacho si Leica, hiyo ni feki. Hii ina jina lake yenyewe, haijamdanganya mtu. Ni kama mwanafunzi aliyejifunza kwa mwalimu mzuri.

Hakuridhika. Akasema, "Yangu ni orijino."

Hapo ndipo nilipopata raha ambayo mjukuu huipata mara chache. Nikamweleza kwamba Jupiter-8 yake ni nakala ya Sonnar. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wasovieti walichukua mitambo na vioo vya Zeiss kutoka Ujerumani kama fidia ya vita, wakaanza kutengeneza lenzi zile kwao na kuzipa jina la Jupiter. Hata ukoo wa Zorki yenyewe unarudi kwenye FED, kamera iliyoiga Leica, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi Kharkiv, Ukraine, mwaka 1934. Na waliokuwa wakiitengeneza ni vijana wa jumuiya ya malezi ya watoto waliokuwa hawana makwao, chini ya mwalimu aliyeitwa Anton Makarenko.

Babu alinyamaza. Kisha akauliza, "Watoto wa mitaani walitengeneza kamera?"

"Ndiyo babu. Na kiongozi wao alikuwa mwalimu, kama wewe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi miaka hamsini nimewapiga watu wa Mamba kwa feki."

"Kwa nakala, babu."

"Haya. Kwa nakala."

Jaribio la Jumapili

Jumamosi hatukugusa kamera. Nyumbani kwa babu Sabato ni Sabato. Waadventista waliingia Mamba mwaka 1903, na babu huwa anaongea kana kwamba aliwapokea yeye.

Jumapili asubuhi nikamwambia tushindanishe. Kuna pete ndogo ya kuunganishia ambayo inaniwezesha kufunga lenzi yake ya zamani kwenye kamera yangu mpya. Mpwa wangu wa miaka sita akasimama chini ya mparachichi. Nikapiga picha moja kwa Jupiter ya babu, kisha moja kwa lenzi mpya. Mahali pale pale, mtoto yule yule, na kanga ya bibi ikiwa imeanikwa kwenye kamba nyuma yake.

Lenzi ya babu ilikuwa imeharibika. Miaka mingi ndani ya mfuko wake wa ngozi, ndani ya sanduku la mbao, katika hewa ya Mamba, ukungu ulikuwa umeota ndani ya vioo, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Picha yake ilitoka imefifia, nyeupe nyeupe, kama uliyempiga yuko ndani ya moshi wa kuni. Picha ya lenzi mpya ilikuwa safi: nywele za mtoto, vumbi kwenye goti, ndege wa kwenye kanga.

Nikamwonyesha babu kwenye kioo cha kamera, kwanza ya kwake, kisha ya kwangu.

Akatazama. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akageuka kukinga jua. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbona zote zina ukungu?"

Mpwa wangu akacheka. "Babu, hii haina!"

Mimi sikucheka. Nilimtazama babu usoni, kwa mara ya kwanza katika safari ile nikamtazama kama ninavyowatazama watu ninaowahoji hospitali. Jua lilikuwa linampiga upande mmoja, na katikati ya mboni ya jicho lake la kulia kulikuwa na weupe.

Ghafla vitu vyote vikajipanga. Kwa nini kanisani hafungui tena kitabu cha nyimbo, anasema amezishika zote kichwani. Kwa nini amemwachia kijana wa jirani kazi ya kuchagua tangawizi. Kwa nini usiku hatoki, na sisi tunasema ni uzee. Kwa nini ameipapasa lenzi ile kwa muda mrefu kabla ya kuisifu.

Nilimuuliza tukiwa wawili. Alikaa kimya kidogo, akasema ni kama miaka mitatu sasa. Kuna mtu aliwahi kumuuzia dawa ya matone sokoni, akamwambia itausafisha ukungu wa jicho. Aliitumia mpaka ikaisha, akanunua nyingine.

"Mbona hukutuambia?"

"Mngenipeleka kupasuliwa. Mimi sitaki jicho la bandia."

Mtoto wa jicho ni nini hasa

Niseme hapa kama mwandishi wa afya. Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, kuna lenzi. Ni ya kuzaliwa nayo, angavu, na kazi yake ni ile ile ya lenzi ya kamera: kukusanya mwanga na kuutua sehemu ya nyuma ya jicho. Mtu anapozeeka, lenzi hiyo hupoteza uangavu wake. Ndiyo tunaiita mtoto wa jicho. Kisukari, kuvuta sigara, kuumia jicho, jua kali la miaka mingi na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa vinaweza kuuharakisha. Duniani kote ndio unaoongoza kwa kuwafanya watu kuwa vipofu, na upofu huo kwa wengi unaweza kuondolewa.

Hakuna dawa ya matone inayousafisha. Narudia kwa sababu najua kuna mtu anayesoma hapa ambaye mama yake anayo chupa kabatini: hakuna. Tiba ni upasuaji. Lenzi iliyochafuka inatolewa, na mahali pake inawekwa nyingine ya plastiki maalumu. Mara nyingi kazi hiyo huchukua chini ya nusu saa, jicho likiwa limetiwa ganzi na mgonjwa akiwa macho.

Wazo la kuweka lenzi ya kutengenezwa lilitoka kwa daktari Mwingereza, Harold Ridley. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao. Akaona kwamba jicho lilivivumilia vipande vile, halikuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alimwekea mgonjwa wa kwanza lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo ndiyo tiba ya kawaida.

Nilimweleza babu haya yote tukiwa tumekaa barazani, lenzi ya China mkononi mwake. Sikuwa nimepanga kuitumia kama mfano. Yeye ndiye aliyeanza.

"Hiyo ya kuweka jichoni, itakuwa inazungushwa na nani?"

Sikumwelewa.

"Lenzi si lazima izungushwe ili ilenge karibu na mbali? Hiyo ya jichoni nani ataizungusha?"

Nimehojia madaktari wengi wa macho na sijawahi kusikia mgonjwa akiuliza swali zuri kama hilo. Nikamweleza kwamba kwa kawaida lenzi hizo hazilengi kila mahali. Mara nyingi huwekwa ili mtu aone mbali, na kwa kusoma anavaa miwani.

"Aa," akasema. "Wameifunga kwenye nane iliyolala."

Nane iliyolala ni ile alama iliyochongwa kwenye lenzi za kamera, inayomaanisha mbali kabisa. Kwa babu mambo yakawa yameeleweka. Akaitazama tena lenzi ya China, akaizungusha mpaka ikafika kwenye nane iliyolala, ikagota.

"Na hiyo nayo ni nakala."

"Ni nakala, babu."

"Lakini inaona."

Moshi, na kanga ya bibi

Nisiwadanganye kwamba alikubali siku ile. Tuliondoka Mamba hajakubali. Mama alipiga simu, mjomba akapiga simu, mchungaji akaenda nyumbani. Miezi miwili baadaye bibi ndiye aliyemaliza mjadala. Alimwambia kama hataki kwenda, basi aache kumuuliza kila jioni nani anapita barabarani.

Tulimpeleka Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Vipimo vya siku ya kwanza viliangalia pia presha ya jicho, sukari, na hali ya nyuma ya jicho, kwa sababu si kila ukungu ni mtoto wa jicho na si kila jicho hurudi likafanyiwa upasuaji. Tuliomba Mungu. Lilifanywa la kulia kwanza. Alitoka na kitambaa jichoni, akiuliza kama chakula kipo.

Niliogopa kuliko nilivyomwonyesha. Kuandika kuhusu upasuaji wa watu wengine ni kazi. Kukaa kwenye benchi ukimsubiri aliyekufundisha kuchungulia kwenye kidirisha si kazi, ni kitu kingine.

Mwezi uliopita nilikwenda Mamba tena. Nilikuwa nimezisafisha zile picha mbili kwenye karatasi, kubwa, kwa sababu sikutaka tena mambo ya kioo kidogo cha kamera. Nikampa bila kusema neno. Alivaa miwani yake ya kusomea, akazitazama kwa zamu.

"Hii ya kwanza imeoza," akasema. Ilikuwa ya Jupiter yake.

Kisha akaitazama ile ya pili kwa muda mrefu. Nilidhani anamtazama mtoto. Akamwita bibi.

"Hii kanga yako ni nyeupe?"

"Tangu lini haikuwa nyeupe?"

"Mimi nilijua ni ya maziwa ya mtindi."

Madaktari watakwambia hilo ni jambo la kawaida. Lenzi ya jicho inapozeeka inageuka njano, na mtu haoni kwamba dunia yake imegeuka njano pamoja nayo, kwa sababu inatokea polepole. Ikibadilishwa, nyeupe inarudi kuwa nyeupe na buluu inashangaza. Bibi alisema tatizo la jicho jipya ni kwamba sasa ameiona mikunjo yake yote. Babu akajibu kwamba hata hiyo ameiona, na hajalalamika.

Mchana huo alichukua kamera yangu na lenzi ya China, akamfundisha mpwa wangu kuzungusha taratibu. Mtoto alikuwa na haraka. Babu akamshika mkono. "Ngoja. Mtazame kwanza mtu." Walikaa pale chini ya mparachichi karibu saa nzima na wakatoka na picha saba. Mbili zilikuwa nzuri. Hakuna aliyeuliza simu iko wapi.

Jicho la kushoto bado. Amepangiwa tarehe, na safari hii amejiandikia mwenyewe kwenye kalenda.

Kabla hujafunga ukurasa

Mambo manne ya kuchukua, mzazi mwenzetu.

Kwanza, picha za watoto unazopiga kwa simu yenye flashi zitazame macho. Wekundu kwenye mboni ni kawaida, ni mwanga wa flashi ukirudi kutoka kwenye mishipa ya damu ya nyuma ya jicho. Lakini ukiona mboni moja inang'aa nyeupe, na ikajirudia kwenye picha nyingine, usingoje. Wakati mwingine ni pembe tu ya mwanga. Wakati mwingine ni mtoto wa jicho, ambao hata mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nao, au saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwahiwa inatibika. Nenda na picha hiyo hospitali yenye daktari wa macho, umwonyeshe.

Pili, ukienda kusalimia wazee, usiwaulize tu kama wanaona vizuri. Watasema wanaona. Wape kitu cha kutazama: picha ya mjukuu, ujumbe kwenye simu, uzi na sindano.

Tatu, kama nyumbani kuna kamera ya zamani, itoe kwenye mfuko wake wa ngozi. Iweke mahali pakavu penye hewa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mbali na mikono ya watoto wadogo. Lenzi inayotumiwa mara kwa mara hupona na ukungu kuliko inayotunzwa gizani.

Nne, kama unatafuta cha kumpa mtoto badala ya simu, si lazima kiwe lenzi kutoka China. Kinaweza kuwa kitu chochote kinachomlazimisha amtazame mtu mwingine kwa muda mrefu kidogo. Sisi tulikuwa tumeacha kumtazama babu. Tulikuwa tukimpiga picha kila Krismasi, tena nyingi.